Gothiki kwenye cheti: herufi kubwa moja yatosha

Msimu wa mahafali ukikaribia, wateja huja na ombi lilelile: cheti kiwe na "yale maandishi ya kizamani". Mara nyingi wanachotaka ni Old English Text MT, fonti ya gothiki inayokuja na Microsoft Office. Siwakatalii. Ninachogomea ni jina zima la chuo kuandikwa kwa herufi kubwa.

Sababu iko kwenye kalamu. Herufi hizi zilitoka kwa wanakili wa vitabu wa Ulaya ya Zama za Kati, walioandika kwa unyoya wenye ncha bapa. Kalamu ikishuka wima huacha mstari mnene, ikienda mshazari huacha uzi mwembamba. Mistari minene ikibanana, weusi wa wino na weupe wa karatasi hulingana, na ukurasa huonekana kama kitambaa kilichofumwa. Mtindo huo huitwa Textura. Ndio Johannes Gutenberg aliouiga katika herufi zake za madini alipochapa Biblia mjini Mainz, mnamo 1455.

Katika mpangilio huo, herufi kubwa ni pambo la kufungulia neno: ina mikunjo, matumbo na vijistari vya ndani. Zipange kumi mfululizo uone, kila moja inagombea nafasi na hakuna inayosomeka.

Herufi ndogo nazo zina mtego, hasa kwa Kiswahili chetu kilichojaa m, n, u na i. Andika "muumini" kwa Textura halisi: utapata mistari 14 ya wima inayofanana, na jicho halijui wapi m imeishia na u imeanzia. Hata nukta ya i ilianza kama kijistari cha wanakili wa Kilatini, ili herufi hiyo isimezwe na jirani zake. Kwa hiyo aya nzima ya gothiki sikubali. The New York Times na The Daily Telegraph hutumia mtindo huu kwenye jina la gazeti, si kwenye habari.

Wapo wanaouogopa kwa kuuhusisha na Wanazi. Kweli, Ujerumani ilidumu na Fraktur, ndugu yake Textura, hadi karne ya 20. Lakini ni serikali ya Hitler yenyewe iliyoupiga marufuku, kwa waraka wa Martin Bormann, mmoja wa vigogo wa chama cha Nazi, wa Januari 3, 1941, uliodai kwa uongo kwamba ni herufi za Kiyahudi. Hata hivyo, kwa mteja wa Berlin ningetafakari mara mbili.

Tukirudi kwenye cheti: jina la chuo liwe la saizi kubwa, pointi 36 hivi, na nafasi kati ya herufi usiitanue, maana ukiitanua kile kitambaa cha wino kinafumuka. Jina la mhitimu lipe fonti nyingine iliyo wazi. Cheti hicho kitatolewa fotokopi, na nakala ya fotokopi nayo itatolewa fotokopi, na zile nyuzi nyembamba za gothiki ndizo hutangulia kufutika.