Je, wajua kwa nini gitaa la mtumba huuma vidole?

Unapita kwenye duka la mitumba, unakuta gitaa limeegemezwa ukutani kati ya kiti cha plastiki na baiskeli ya mtoto. Unalichukua, unabonyeza uzi, na papo hapo unautoa mkono. Nyuzi zimekaa juu mno. Kuzifikisha kwenye ubao wa shingo kunataka vidole vya mpasua kuni, na hata ukifaulu, sauti inatoka imepanda kidogo kuliko ilivyotakiwa. Mwenye duka atakwambia ndivyo magitaa yalivyo, vidole vitazoea. Usimsikilize. Gitaa hilo linaumwa, na kilichoanzisha ugonjwa ni nyuzi zake zenyewe.

Fanya hesabu. Gitaa la kawaida la nyuzi za chuma likishatuniwa, nyuzi zake sita kwa pamoja huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Maana yake chombo hicho kimebeba mfuko wa saruji na kilo ishirini za unga juu yake, usiku na mchana, mwaka hadi mwaka, na sehemu kubwa ya mzigo huo inaangukia bamba la mbao lenye unene wa milimita tatu hivi. Gitaa la umeme lenye nyuzi nyembamba hubeba kama kilo 45. La nailoni, 40 hivi.

Mbao haivunjiki siku moja kwa mzigo kama huo. Inakubali taratibu. Shingo inapinda kuelekea mbele kama upinde wa mshale. Tumbo, yaani lile bamba la mbele, linafura nyuma ya daraja, lile gogo dogo linaloshikilia nyuzi. Na pale shingo inapoungana na mwili, kiungo kinalegea na pembe yake inabadilika. Yote matatu huonekana kwa mnunuzi kwa namna moja tu: nyuzi zimepanda. Ndiyo maana fundi anayejua kazi hagusi kitu kabla hajajua ni lipi kati ya hayo, kwa sababu dawa ya moja ni sumu ya jingine.

Kipimo cha shingo hakihitaji kifaa. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao wa shingo), na kwa mkono wa pili ubonyeze pale shingo inapokutana na mwili. Uzi umeshakuwa rula. Tazama usawa wa freti ya saba: panatakiwa upenyo wa kama robo milimita, yaani unene wa karatasi mbili tatu za daftari. Ukiona panapita sarafu, shingo imepinda.

Hapo ndipo unapotafuta ufito. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana ufito wa chuma uliozikwa ndani ya shingo, na mwisho wake una nati ya kukazia, ama kichwani chini ya kifuniko kidogo, ama ndani ya tundu la tumbo. Ufito huo wa kurekebishika ulibuniwa na Thaddeus McHugh, mfanyakazi wa kampuni ya magitaa ya Gibson huko Marekani, na ukaanza kutumika miaka ya 1920. Martin, kampuni iliyoanza mwaka 1833, ilisubiri mpaka 1985 ndipo ikauweka kwenye magitaa yake. Ukikaza nati kwa mwendo wa saa, ufito unairudisha shingo nyuma kupingana na nyuzi. Unakaza robo mzunguko, unatuni upya, unapima tena. Si zaidi. Gitaa langu la pili nililiua hivyo hivyo: nilikuwa na haraka, nikazungusha nati iliyoshika kutu, nikasikia mlio mdogo kama wa karanga inayopasuka. Ufito ulikatika ndani ya mbao, mahali ambapo hakuna mkono unaofika.

Kosa la wengi, nami nikiwemo siku ile, ni kudhani ufito ni kifaa cha kushushia nyuzi. Kazi yake ni kunyoosha shingo tu. Shingo ikiwa imenyooka na nyuzi bado ziko juu, ufito uache. Nenda darajani.

Juu ya daraja kuna kifupa chembamba ambacho nyuzi zinakilalia. Hicho kinachomoka, na kinapunguzwa kwa chini kwa kukisugua kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo ili kibaki bapa. Freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwa hiyo ukitaka nyuzi zishuke milimita moja hapo, kifupa lazima kipungue milimita mbili. Ukisahau jambo hili utasugua, utarudisha, utaona hakuna kilichobadilika, kisha kwa hasira utasugua mpaka nyuzi zigonge freti na kuunguruma. Kwenye gitaa la mbao lisilo la umeme, uzi mnene ukiwa kama milimita mbili na nusu juu ya freti ya 12 ni sawa. La umeme linaweza kushuka chini ya mbili. Ya mtumba nimeshayapima yakafika tano.

Na kama kifupa kimeshaisha na nyuzi bado ziko juu? Basi kiungo cha shingo ndicho kilichokwenda. Kwenye gitaa la bei kubwa fundi hupuliza mvuke ndani ya kiungo, gundi ikalainika, akaitoa shingo na kuichonga pembe mpya. Kwa gitaa la bei poa gharama hiyo haina maana. Afadhali gitaa la umeme la mtindo wa Fender, ambalo tangu Leo Fender alipoanza kuyauza mwaka 1950, shingo hufungwa kwa skrubu nne. Unafungua, unaweka kipande chembamba cha mbao mwishoni mwa mfuko wa shingo, unafunga. Nusu saa, chai haijapoa vizuri.

Sasa nifike kwenye kifo kinachoua magitaa mengi kuliko umri. Gitaa la nailoni linanunuliwa, uzi unakatika, mwenyewe anakwenda dukani, anakuta nyuzi za chuma ndizo zilizopo, anafunga. Kumbuka zile kilo 40 na zile 70. Gitaa la nailoni ndani yake limeegemezwa kwa vijiti vyepesi, na kwa kawaida shingo yake haina ufito. Baada ya miezi michache tumbo limeumuka kama andazi, na siku moja mchana wa joto daraja linabanduka na kuruka kwa kishindo. Kulitambua gitaa hilo ni rahisi: kichwa chake kina matundu marefu mawili yenye roli nyeupe za plastiki, shingo ni pana, na nyuzi zinafungwa kwa fundo kwenye daraja badala ya kushikiliwa na vipini.

Nailoni yenyewe haina umri mkubwa. Zamani nyuzi hizo zilikuwa za utumbo wa wanyama, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia utumbo ulihitajika kwa kushonea majeruhi. Albert Augustine, fundi wa magitaa wa New York, akaanza kujaribu nailoni ya kampuni ya DuPont, na mpiga gitaa Andrés Segovia akazikubali. Huku kwetu hatukungoja Augustine: mwanamuziki Franco wa Kongo, kabla hajawa Franco, alianzia gitaa la kujitengenezea lenye nyuzi za waya wa umeme.

Daraja lililobanduka linarudi, ila si kwa gundi ya kukauka haraka. Hiyo hukauka ngumu kama kioo na haistahimili mvutano wa kila siku. Kazi yenyewe ni kukwangua gundi ya zamani yote, kuondoa vanishi chini ya daraja mpaka mbao tupu ionekane, kupaka gundi ya seremala, kubana kwa jiriwa, na kuacha siku nzima kabla ya kufunga uzi. Kuna mafundi wanaolipigilia daraja skrubu mbili kubwa kutoka juu. Sina la kuwaambia. Kama daraja lenyewe limepasuka, kipande cha mpingo kilichobaki kwa wachongaji vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, kinatosha kuchonga jipya. Ni mti uleule ambao Ulaya wanatengenezea zumari za klarineti. Lakini mpingo ni mzito, unazama majini, hivyo lichonge jembamba. Daraja zito hunyonya mtikisiko, na gitaa hupoa sauti.

Upande wa kichwani kuna kifupa kingine chenye mifereji sita. Hiki ndicho kinachofanya freti ya kwanza kuwa ngumu kuliko zote, na kwenye magitaa ya bei ndogo huwa cha plastiki tupu. Badili uweke mfupa wa ng'ombe. Buchani wanakupa bure. Uchemshe, utoe mafuta yote, uanike siku kadhaa, ukate kwa msumeno wa chuma, uchonge kwa tupa. Chumba kitanuka kama kwa daktari wa meno, na familia italalamika. Lakini nyuzi zitateleza vizuri ndani ya mifereji, na gitaa litaacha ule mchezo wa kupoteza tuni kila ukigeuka. Ukisikia mlio wa "ting!" unapotuni, uzi unakwama kwenye mfereji, sugua risasi ya penseli humo kabla hujalaumu funguo za kukazia.

Freti zilizochimbika chini ya nyuzi zinatibika pia. Chuma chake ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, unaoitwa fedha ya nikeli ingawa hauna fedha hata chembe. Fundi hupaka migongo ya freti wino wa makapeni, hupitisha tupa bapa juu yake mpaka wino wote uondoke, kisha huirudishia kila freti umbo la mviringo na kuing'arisha. Ukiona freti zimekwisha kabisa, kuziweka upya zote ni kazi ya siku mbili tatu, na bei yake inaweza kupita ya gitaa.

Na ile sauti iliyopanda? Ukibonyeza uzi unauvuta kidogo, na uzi uliovutwa hupanda sauti. Uzi ukiwa mbali na freti unauvuta zaidi. Ndiyo maana gitaa lenye nyuzi za juu hukubali wimbo huko chini karibu na kichwa, likaanza kuusaliti ukipanda. Ukishashusha nyuzi, piga uzi mtupu ukiugusa tu juu ya freti ya 12, kisha ubonyeze hapohapo, ulinganishe kwa programu ya kutunia ya simu. Sauti ya kubonyeza ikiwa juu, kifupa cha darajani kinatakiwa kirudi nyuma kidogo. Kwenye la umeme ni skrubu tu.

Kuhusu la umeme, watu hukimbilia kubadili pikapu (si gari). Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika mbele yake, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya. Pikapu ya koili moja hunasa pia mngurumo wa umeme wa nyumba, ambao kwetu ni hezi 50. Seth Lover wa Gibson aliliondoa tatizo hilo mwaka 1955 kwa kuweka koili mbili zilizopingana ili mngurumo ujifute wenyewe. Ni badiliko zuri, ila liwe la mwisho. Gitaa la mtumba linalokwaruza ukigusa kitufe cha sauti kwa kawaida lina vumbi tu ndani ya kitufe, na kopo la dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme linamaliza maneno. Nyuzi mpya, kifupa kipya, shingo iliyonyooka, freti zilizosawazishwa: hayo kwanza. Pikapu ya gharama kwenye shingo iliyopinda itakupa mlio mbaya kwa sauti safi zaidi.

Hali ya hewa nayo ina mkono wake. Mbao hunywa unyevu na kuutoa, ikipanuka kwa upana wala si kwa urefu. Gitaa likishushwa bandarini Mombasa au Dar, tumbo linavimba na nyuzi zinapanda. Likipelekwa Dodoma wakati wa kiangazi, shingo inasinyaa na ncha za freti zinatokeza pembeni kama meno ya msumeno. Watengenezaji wa Gallotone, magitaa ya bei nafuu kutoka Afrika Kusini, walilijua hilo: ndani ya baadhi yao kulikuwa na kibandiko cha kuhakikisha kwamba halitapasuka. Gitaa alilopiga John Lennon wa Beatles, akiwa kijana huko Liverpool mwaka 1957, lilikuwa mojawapo.

Kwa hiyo ukirudi kwenye lile duka, nenda na rula ndogo na noti ya kupunguzia bei. Nyuzi zenye kutu, kitufe kinachokwaruza, kifupa cha plastiki, vumbi la miaka kumi: hayo yote ni ya kushushia bei, kisha yanatengenezeka kwa Jumamosi mbili. Tazama shingo kwa jicho moja kutoka kichwani, kama seremala anavyotazama ubao. Ikiwa imejikunja kama parafujo, upande mmoja juu na mwingine chini, lirudishe lilipokuwa, karibu na baiskeli.