Pigo la Nukta Dhaifu: Lipi Humwangusha Mtu na Lipi ni Hadithi

Mafundisho ya kupiga nukta dhaifu za mwili ni ya kale na hayana asili moja. Wachina wana dim mak, Wajapani wana kyusho, na kusini mwa India, katika Kerala na Tamil Nadu, zipo nukta za marma ambazo mpiganaji hufundishwa kuzipiga na tabibu hufundishwa kuzikanda. Mkanganyiko huanza pale jina moja linapobebeshwa mambo matatu tofauti: viungo ambavyo daktari yeyote anajua kuwa ni dhaifu, maumivu ya kubonyezwa mishipa ya fahamu, na nguvu isiyoonekana inayodaiwa kusafiri mwilini kwa mikondo yake. La kwanza ni kweli, la pili ni kweli kwa masharti, na la tatu halijaonekana likimwangusha mtu asiyeliamini.

Dhana potofu: mwili una vitufe, na anayevijua hahitaji nguvu.

Ukweli ni kwamba pigo la kuaminika ni pigo kwanza, nukta baadaye. Ngumi inayotua kwenye ncha ya kidevu huzungusha kichwa ghafla, ubongo ukatikisika ndani ya fuvu na mtu akazimia. Ini limejificha chini ya mbavu za kulia. Likipigwa barabara, miguu hulegea huku akili ya aliyepigwa ikiwa timamu kabisa, na ndivyo bondia Bernard Hopkins alivyomwangusha bondia mwenzake Oscar De La Hoya tarehe 18 Septemba 2004, raundi ya 9, kwa ngumi moja ya mkono wa kushoto. Kando ya shingo, ateri ya karotidi, yaani mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo, ina vihisio vya shinikizo la damu: vikigongwa, ubongo hupata taarifa kwamba shinikizo limepanda mno, na moyo huamriwa kupunguza mwendo. Upande wa nje wa goti, chini kidogo, mshipa wa fahamu hupita juu ya mfupa bila nyama ya kuukinga, kwa hiyo teke likiupata, mguu hufa ganzi. (Aliyewahi kugonga kiwiko kwenye kona ya meza anaijua ganzi ya namna hiyo.) Yote haya yanaelezeka kwa anatomia, na yote yanadai uzito wa mwili nyuma ya pigo. Tena mpinzani hatulii: anasogea, ameinua mikono, amevaa nguo, na mishipa yake haipiti pale pale inapopita ya mwenzake, ndiyo maana bondia hulenga eneo la upana wa ngumi na si nukta ya ncha ya kidole.

Dhana potofu: kubonyeza penye maumivu humzuia mshambuliaji yeyote.

Kidole kikibonyeza nyuma ya sikio au chini ya taya huuma kwelikweli, hasa darasani ambako aliyeshikwa ametulia na anasubiri kuumia. Mtu mwenye hasira, aliyelewa au aliyejaa adrenalini, homoni ya hofu na hamaki, huenda asihisi chochote mpaka ugomvi uishe. Mbinu hiyo inafaa kumfanya mtu aachie mshiko kwa muda mfupi, na haifai kutegemewa zaidi ya hapo.

Dhana potofu: yupo awezaye kumgusa mtu leo, akafa baada ya siku kadhaa.

Hii ndiyo dhana yenye mvuto kuliko zote, na nadhani haikuzuka hivi hivi. Aliyepigwa kichwani anaweza kuvuja damu polepole ndani ya fuvu; bandama iliyojeruhiwa inaweza kupasuka siku kadhaa baadaye; ukuta wa ndani wa ateri ya shingo ukichanika, donge la damu hujijenga hapo na kiharusi huja mtu akiwa ameshasahau ugomvi wenyewe. Kabla ya mashine za kupiga picha za ndani ya mwili, nani angelaumiwa kwa kuviita vifo hivyo siri ya bingwa?

Moyo nao una mlango wake mwembamba. Utafiti wa mwaka 1998 uliofanywa kwa nguruwe ulionyesha kwamba mpira wa besiboli ukigonga kifua katika kipindi cha milisekunde 15 hadi 30 kabla ya kilele cha wimbi la T (sehemu ya mchoro wa umeme wa moyo inayoonyesha moyo ukijiandaa kwa pigo linalofuata), moyo huweza kuvurugika mapigo papo hapo. Tarehe 2 Januari 2023 mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, Damar Hamlin, alianguka uwanjani mjini Cincinnati kwa sababu hiyo hiyo, akaokolewa kwa kusukumwa kifua na kwa mashine ya kustua moyo. Hakuna ngumi inayoweza kupangiwa milisekunde za moyo wa mtu mwingine. Wala majedwali ya kale yanayotaja saa ya siku ambayo kila nukta huua hayagusi utaratibu huu hata kidogo.

Dhana potofu: mabingwa wa kweli huangusha bila kugusa.

Mwaka 2006 mwalimu Mjapani Yanagi Ryuken, ambaye wanafunzi wake walianguka kwa kupungiwa mkono tu, alikubali kupambana na mpiganaji asiyekuwa mwanafunzi wake, akapigwa vibaya ndani ya muda mfupi. Si lazima wanafunzi wale wawe waongo. Anayetarajia kuanguka mbele ya wenzake huanguka.

Dhana potofu: mbinu hizi hazionekani ulingoni kwa sababu zimekatazwa.

Ni kweli kwamba sheria za leo zinakataza kupiga koo, uti wa mgongo na kisogo. Lakini shindano la kwanza la UFC, mashindano ya Kimarekani ya mapigano ya mitindo mchanganyiko, lililofanyika Denver tarehe 12 Novemba 1993, lilikataza machache sana, kama kung'ata na kuchokoa macho, na aliyeshinda, Royce Gracie, alimaliza fainali kwa kabari. Kabari ikibana ateri za pande zote mbili za shingo, mtu huzimia kwa takriban sekunde 10, na imekuwa ikifanyiwa mazoezi katika judo, iliyoanzishwa na Jigoro Kano mwaka 1882, dhidi ya watu wanaopinga kwa nguvu zao zote, wawe wanaiamini au hawaiamini.