Mko wanne, ndege ina viti vinne, mbona mwalimu anasema mmoja abaki?

Jumamosi moja asubuhi walinijia vijana wanne, wote wagonjwa wa ndege, yaani wale watu ambao ndege ikipita juu hata kama wako msibani lazima wainue shingo. Mmoja ana leseni ya rubani binafsi, watatu ni mashabiki tu, wamechangishana hela wakakodi Cessna 172 wakazunguke dakika arobaini warudi zao. Viti vinne, watu wanne, tangi zimejaa mpaka juu, jua limeshaanza kuchoma. Nikawaambia mmoja abaki. Wakacheka, wakadhani nawatania, na mmoja wao akaniuliza, "Sasa mwalimu, si viti viko vinne?"

Viko vinne kweli. Mimi kazi yangu hapa kwenye chuo cha urubani ni usalama na hilo swali naulizwa karibu kila wikiendi, kwa hiyo leo acha niliandike vizuri, na nikishaanza nitagusa na mengine manne matano yanayohusu hizi ruka-ruka fupi za kujifurahisha na wenzako, mana wengi wanadhani safari ikiwa fupi na hatari nayo inakuwa fupi.

Tuanze na hesabu, haihitaji digrii. 172 ya toleo la S uzito wake wa mwisho wa kuruka ni kilo 1,157, hapo ni kila kitu, bati, watu, mafuta, mkoba, chupa ya maji. Tuseme ya kwenu ikipimwa tupu ina kilo 770 (kila ndege ina karatasi yake ya uzito, soma ya ndege unayopanda wewe, usichukue ya jirani). Zinabaki 387. Mafuta yanayotumika kwenye tangi zikijaa ni kama lita 200, na petroli ya ndege lita moja ni takriban kilo 0.72, kwa hiyo mafuta peke yake ni kilo 144. Toa, unabaki na 243. Watu wanne wa kilo themanini themanini ni 320. Mmezidi kilo 77, na hapo hamjahesabu kamera wala yule anayekula vizuri ambaye akiulizwa uzito anataja wa miaka mitano iliyopita.

Kwa hiyo swali halisi ni kitu gani kibaki chini, mtu au mafuta. Mkiwa na lita 90 badala ya 200 mnaenda wote wanne kwa kubana, mana injini ile inakunywa kama lita 35 kwa saa, ukiweka dakika arobaini zenu na akiba ya nusu saa ambayo nchi nyingi zinaitaka kwa safari ya mchana, bado mna ya ziada ya kutosha. Shida ni kwamba aliyeirusha jana aliijaza full, na kutoa mafuta kwenye ndege si kama kumimina maji kwenye ndoo. Ndo mana nawaambiaga watu, piga simu siku moja kabla, uliza tangi zina mafuta kiasi gani, kisha chukua uzito wa kila mtu na mikoba yake, wa kweli, mezani, bila kuoneana haya. Na wazito wakae mbele. Mkiwaweka mabonge wawili nyuma na mizigo nyuma yao uzito unahamia mkiani, pua inataka kuinuka yenyewe, na ndege ikiishiwa mwendo ikaanza kuporomoka kumrudisha yule mnyama inakuwa kazi kwelikweli.

Halafu joto. Hili watu hawaliamini mpaka walione. Hewa ya moto ni nyepesi, bawa linapata kidogo cha kushika, propela inakata hewa nyepesi, injini nayo inavuta hewa nyepesi, yaani unapigwa sehemu tatu kwa mpigo. Chukua kiwanja kilichoko futi 5,000 juu ya bahari. Kwenye hesabu za anga hewa ya kawaida ya huko inatakiwa iwe nyuzi 5. Siku hiyo kipimajoto kinasema 30, umezidi nyuzi 25, kila nyuzi iliyozidi ongeza kama futi 120, unapata futi 3,000. Maana yake ndege yako inajisikia iko futi 8,000 wakati iko bado chini inasubiri kuondoka. Ile barabara ya kurukia iliyokutosha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa nane mchana inaweza isikutoshe, ndege ile ile watu wale wale. Kwa hiyo mkiniuliza mimi ruka-ruka za raha ni za asubuhi mapema au jioni, hewa imetulia, picha zinatoka nzuri na matumbo ya abiria yanakushukuru.

Sasa niseme linaloniuma zaidi, mana hesabu mtu anafundishika. Rubani akiwa peke yake anafikiri kivyake, akiwa na wenzake watatu wanaomtazama kama shujaa anafikiri kivingine kabisa. Wamechanga hela, wameamka alfajiri, mmoja ameshaweka stetasi kwamba leo tunapaa, halafu kule mbele kuna wingu limekaa vibaya. Akiwa peke yake angegeuza. Akiwa nao anajiambia ngoja tusogee kidogo tuone. Hakuna aliyemlazimisha, ni haya tu. Na cha ajabu safari ya raha ndo safari rahisi kuliko zote kuiahirisha, hupeleki mgonjwa, hupeleki barua, ulikuwa unaenda kuzunguka urudi pale pale ulipotoka!

Kuhusu hilo wingu, kuna jaribio lilifanyika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1954, walichukua watu 20 ambao hawajafundishwa kuruka kwa kutegemea vipimo peke yake, wakawaweka kwenye hali ya kutoona nje. Wote ishirini walipoteza udhibiti wa ndege. Wastani wao ulikuwa sekunde 178, dakika tatu hazifiki. Sababu yake iko sikioni, yale maji ya ndani ya sikio yanayokupa mizani yakizoea mzunguko wa taratibu yanakudanganya kwamba umenyooka, unaamini mwili, huamini vipimo vilivyoko mbele yako, na ndege inazidi kulala upande huku inashuka. Mtu ana saa zake mia mbili za kuruka kwenye jua safi anaona hayo ni ya wanafunzi, kumbe ndani ya wingu zile saa mia mbili hazina kazi kama hakuzifanyia mazoezi hayo.

Kwa hiyo mashabiki, nyie mnaokaa viti vya nyuma, mna kazi moja kubwa kuliko kupiga picha. Mwambieni rubani kabla hamjapanda, tena kwa mdomo, "ukitaka kugeuza geuza, hatutakudai wala hatutakucheka." Inaonekana maneno ya kitoto lakini nimeona rubani anashusha mabega akiyasikia. Na wewe rubani sema mapema, jana yake ikiwezekana, kwamba mawingu yakiwa chini ya kiasi fulani au upepo ukizidi kiasi fulani hatwendi, utaje namba kabisa, ili asubuhi ikifika iwe ni ile namba ndo imekataa.

Kazi ya pili ya mashabiki ni kunyamaza. Rubani akiwa anaikagua ndege wengi ndo wanamzunguka na maswali, hiki nini, kile nini, simama hapa tupige selfi, na yeye anafurahi kuelezea, halafu anasahau kitu. Kwa mfano sampuli ya mafuta. Unachukua kale kakopo ka plastiki unakabana chini ya tangi unapata mafuta kidogo, unakainua kwenye mwanga. Petroli ya ndege hizi iliyozoeleka, ile 100LL, ni ya bluu. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yakiwemo utayaona yamekaa chini kama ushanga, na mstari unaonekana kabisa katikati. Lakini ukipata kikopo kizima cha rangi moja isiyo na bluu usifurahi kwamba hakuna mstari, inawezekana ni maji matupu, au mtu amekuwekea mafuta ya jeti. Sasa hebu fikiria hiyo sekunde ya kuangalia kwenye mwanga ndo sekunde mtu anakwambia "kaka geuka huku kidogo." Sheria yangu ukikatizwa usiendelee ulipoishia, rudi mwanzo wa hatua ile. Na wakati wa kupaa na kutua ndani kuwe kimya, labda kama umeona ndege nyingine au moshi, hapo piga kelele.

Ndege nyingine... hapa wenye macho mengi mnasaidia sana. Ndege inayokuja kugongana na nyie haionekani ikitembea kwenye kioo. Inayotembea kwenda kushoto au kulia itawapita. Ile iliyoganda sehemu moja kama doa la mdudu halafu inakua, hiyo ndo yenu. Ndege mbili ndogo kila moja kilomita 200 kwa saa zikielekeana zinasogeleana mita zaidi ya mia kwa sekunde, na mtu wa kawaida tangu aone, atambue, aamue mpaka ndege iitikie inakula kama sekunde 12 na nusu. Zidisha mwenyewe, ni kama kilomita moja na nusu hivi, na umbali huo ndege ndogo ni kitu cha ukubwa wa nukta.

Ndo mana yale ya kwenda na ndege mbili au tatu kuongozana kwa ukaribu ili mpigane picha siyapendi kabisa kwa watu ambao hawajafundishwa. Sheria za kimataifa haziruhusu kuruka kwa mpangilio wa karibu bila makubaliano ya kabla, na makubaliano sio ujumbe wa "twende wote saa mbili." Nani anaongoza, nani akimpoteza mwenzake anageukia upande gani, mtaongea kwenye masafa gani ya redio. Kama hamjayakaa chini mkayasema basi ondokeni kwa kupishana dakika kadhaa mkutane mbele ya safari, chini, mkishatua.

Tukiwa bado kwenye picha, kuna huu mchezo wa kushuka chini na kuizunguka nyumba ya mtu ili apunge mkono. Ukiilaza ndege kwenye kona ya nyuzi 60 huku unashikilia kimo kile kile, ule mwendo ambao ukishuka chini yake bawa linaacha kuibeba ndege unapanda asilimia 41. Yaani ulikuwa salama kabisa ukiwa umenyooka, ukikata kona kali unamtafuta shemeji chini, mwendo ule ule haukutoshi tena, na uko chini kiasi kwamba hakuna nafasi ya kuiokoa. Ukitaka picha panda juu, kona laini, na anayepiga asiwe anayerusha.

Mkiwa marubani wawili viti vya mbele nalo ni tatizo lake, tamu lakini tatizo. Kila mmoja anadhani mwenzake ameshika. Amueni chini nani ni mkubwa wa safari, na mkibadilishana sema "shika wewe," mwenzako aitikie "nimeshika," na wewe urudie "umeshika" ndo uachie. Mara tatu. Nimeshawahi kukaa na mwenzangu, tena mwalimu mzoefu, dakika nzima kila mtu anasifia mwenzake moyoni kwamba leo anairusha kwa utulivu, kumbe ndege ilikuwa inajiendea yenyewe.

Ya hela nitayapitisha haraka. Leseni ya binafsi sio ya biashara, kuchangia gharama za safari nchi nyingi zinaruhusu ila rubani naye atoe fungu lake, akianza kubaki na faida hiyo imekuwa teksi na bima inaweza kukukana. Pia nchi nyingi zinataka awe amepaa na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita ndo abebe abiria. Muulize tu, hakuna ubaya, rubani mzuri hanuni kwa swali hilo.

Na mgeni asiyewahi kupanda mwelezeni propela kabla ya kitu chochote. Ikizunguka haionekani, na hata ikiwa imesimama ihesabu kama inayotaka kuwaka. Asipite mbele kamwe, aje kutoka nyuma ya bawa. Kiti kisukumwe mpaka kisikike kimejifunga kwenye reli yake, mana kikirudi nyuma wakati wa kupaa mtu hushika kilicho karibu, na kilicho karibu ni usukani. Mlango ukifunguka angani msihangaike nao, ndege itaendelea kuruka, kelele tu na upepo, mwacheni rubani arudi atue taratibu. Anayeanza kusikia kichefuchefu aache simu, atazame mbali kule ardhi inapokutana na mbingu, hewa ya baridi impige usoni, na aseme mapema asijikaze.

Wale vijana wanne mwisho waliamua kwenda raundi mbili, watatu watatu, rubani yule yule. Aliyeniuliza habari ya viti ndo alibaki raundi ya kwanza, akakaa na redio yangu ndogo ya mkononi pale kwenye uzio akisikiliza wenzake wakiongea na mnara, na waliporudi alikuwa anajua upepo uko upande gani kuliko wao.