Alama ya biashara ya Tanzania hailindwi ng'ambo ya Ruvuma

Wabanguaji wengi wa korosho Mtwara na Lindi wanaamini kwamba alama ya biashara ikishasajiliwa Dar es Salaam, inalindwa kokote mzigo utakakofika. Ni rahisi kuamini hivyo: cheti ni cha serikali, na korosho ni zilezile hata zikivuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Lakini ulinzi wa alama huishia mpakani. Kwa kawaida kila nchi ina daftari lake la alama. Hata Zanzibar ina usajili wake, tofauti na wa Tanzania Bara. Nchi nyingi, China ikiwemo, humpa haki aliyetangulia kuwasilisha maombi. Hapo ndipo wajasiriamali wetu wanapoweza kuumia, na inasikitisha: wakala wa huko anaisajili alama kwa jina lake, kisha mwenye korosho anazuiwa kuitumia sokoni. Kupinga kunawezekana, ila ni gharama.

Mkataba wa Paris wa 1883, unaohusu haki kama za alama za biashara, unasaidia: ukishaomba nyumbani, una miezi 6 ya kuomba katika nchi nyingine wanachama huku ukihesabiwa tarehe ile ya kwanza.

Chukua cheti chako ukisome. Angalia kimetolewa chini ya sheria ya nchi gani na kwa daraja lipi la bidhaa: korosho zilizokaangwa ni daraja la 29, ghafi ni la 31. Kisha itafute alama yako kwenye kanzidata za nchi unakouza. Nyingi ziko wazi mtandaoni, bila malipo. Tafuta na majina yanayokaribiana nayo kimatamshi, kabla hujachapisha mifuko.