Je, Wajua Kwa Nini Kitochi Hushika Mtandao Bondeni Wakati Simu ya 5G Imekwama?

Anayesafiri katika barabara za milimani za Nyanda za Juu Kusini, kama ile maarufu kwa kona zake hamsini na saba inayopanda kutoka Chimala hadi Matamba wilayani Makete, hakosi kuliona jambo hili. Abiria mwenye simu janja ya bei kubwa anaona alama ya 4G ikigeuka kuwa herufi E, yaani intaneti ya polepole ya 2G, video aliyokuwa akiitazama inagoma, na ujumbe wake wa WhatsApp unabaki na kialama cha saa bila kupata hata tiki moja. Wakati huohuo mama aliyekaa kiti cha mbele anaendelea kuulizia bei ya viazi kwa kitochi chake, tena kwa sauti isiyokatika. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba simu ile ya bei kubwa ni feki, au kwamba vitochi vimetengenezwa na antena kali zaidi. Kiini cha jambo kiko kwingine, nacho ni masafa ya mawimbi yanayobeba mawasiliano na kiasi cha kazi ambacho kila simu inayadai mawimbi hayo.

Masafa ni idadi ya mara ambazo wimbi linatetema kwa sekunde moja, na megahezi moja ni mitetemo milioni moja. Kwa kuwa mawimbi yote ya redio husafiri kwa mwendo uleule wa takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, wimbi linalotetema mara nyingi zaidi huwa fupi zaidi. Wimbi la megahezi 700 lina urefu wa sentimita 43 hivi, na lile la megahezi 900, ambalo kwa miaka mingi limebeba simu za 2G, lina sentimita 33. Wimbi la megahezi 3,500, linalotumiwa sana duniani kwa huduma ya 5G, halifiki hata sentimita 9.

Aliyewahi kusikia muziki wa harusi ukitoka ng'ambo ya bonde anajua kwamba kinachofika ni besi, huku sauti nyembamba za gitaa na kinanda zikipotea njiani. Mawimbi ya redio yana tabia inayofanana na hiyo: wimbi refu hujipinda kwa urahisi zaidi linapopita kwenye ukingo wa kilima na kushuka upande wa pili, wakati wimbi fupi hunyooka na kuacha kivuli nyuma ya kilima. Kujipinda huko kuna mpaka wake, kwani hakuna masafa ya simu yanayoweza kuuzunguka mlima kama Rungwe, wenye karibu mita 2,960. Lakini katika mabonde madogo na miteremko ya kawaida, ambamo vijiji vyetu vingi vimejengwa, tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama mtu atapata mawasiliano akiwa ndani ya nyumba yake au atalazimika kupanda hadi shambani.

Hata pasipo kizuizi chochote, masafa ya juu yana hasara yake. Antena ya simu hutengenezwa kulingana na urefu wa wimbi, kwa hiyo ile ya mawimbi mafupi huwa ndogo na hukusanya nguvu kidogo zaidi. Ukilinganisha megahezi 3,500 na megahezi 700 kwa antena za aina moja na kwa umbali uleule, nguvu inayopokelewa inapungua mara 25. Wahandisi hufidia upungufu huo kwa kuweka kwenye mnara wa 5G bamba lenye antena ndogo nyingi, pengine 64, zinazoelekeza mawimbi kwa mtumiaji mmoja mmoja badala ya kuyatawanya. Njia hiyo inasaidia sana mjini, ila haiwezi kuondoa kilima kilichosimama katikati. Miti nayo hupunguza nguvu, kwa sababu majani yenye maji hufyonza na kutawanya mawimbi mafupi zaidi kuliko marefu. Anayeishi pembezoni mwa msitu wa misonobari wa Sao Hill, Mufindi, ana kizuizi cha kijani mwaka mzima. Tofali la kuchoma na paa la bati huongeza upungufu mwingine juu ya huo.

Kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni kwamba mawasiliano ni ya pande mbili. Mnara huweza kurusha makumi ya wati, wakati simu ya 4G ikijitahidi kabisa hurusha kiasi cha wati 0.2. Ndiyo maana simu inaweza kuonyesha vijiti viwili vya mtandao na bado ukurasa usifunguke: simu inausikia mnara, ila mnara hauisikii simu. Ndiyo maana pia chaji huisha haraka na simu kupata joto mahali penye mtandao hafifu, kwa kuwa simu hupandisha nguvu zake hadi kikomo ili isikike. Simu za 2G kwenye megahezi 900 zimeruhusiwa kurusha hadi wati 2 kwa mapigo mafupi mafupi, na mazungumzo ya kawaida yanahitaji kilobiti 13 tu hivi kwa sekunde. Video ya wastani huhitaji megabiti moja au zaidi kwa sekunde, yaani karibu mara themanini ya kiasi hicho. Kwa hiyo kitochi hakina nguvu za ajabu. Kinatumia masafa yanayofika mbali na kinaomba kidogo, na kidogo hicho kinapatikana hata kwa mawimbi yaliyochoka. Simu janja nayo ingeweza kupiga simu mahali palepale kwa njia ileile, isipokuwa kama mwenyewe ameiwekea mpangilio wa kutumia 4G au 5G pekee.

Mtu atauliza kwa nini basi kampuni za simu zisitumie masafa ya chini kila mahali. Jibu ni kwamba masafa ya chini ni finyu. Bendi nzima, yaani fungu zima la masafa, ya megahezi 700 ina upana wa megahezi 30 tu za kupokelea na 30 za kurushia, zinazogawanywa kwa kampuni zote, wakati kwenye megahezi 3,500 chaneli moja ya 5G inaweza kuwa na upana wa megahezi 100. Katika soko la Mwanjelwa jijini Mbeya siku ya Jumamosi, ambapo maelfu ya watu wanafanya miamala, wanatuma picha za bidhaa na kutazama video katika eneo dogo, upana, unaopitisha data nyingi kwa wakati mmoja, ndio unaotakiwa na umbali hauna kazi. Naona hapo 5G ina nafasi yake halali. Kumwahidi 5G ya megahezi 3,500 mkulima wa bondeni anayeishi kilomita nane kutoka kwenye mnara ni kumpa kisichoweza kumfikia. Anachostahili kudai, tena kwa nguvu, ni 4G ya masafa ya chini.

Masafa hayo ya chini yana historia inayomgusa kila aliyenunua king'amuzi. Mawimbi ya kati ya megahezi 700 na 860 yalikuwa yametengwa kwa ajili ya televisheni. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na zamu ya Mbeya ikafika mwaka 2013. Wengi waliuchukulia mpango ule kama usumbufu wa kulazimishwa kununua kifaa kipya. Lakini mfumo wa dijitali hubeba chaneli kadhaa za televisheni kwenye masafa yaliyokuwa yakibeba moja, na nafasi iliyobaki ikaweza kupewa intaneti ya simu. Mnada wa masafa ulioendeshwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania mwezi Oktoba 2022 ulihusu bendi ya megahezi 700 pamoja na zile za 2,300, 2,600 na 3,500. Mwaka uliofuata, mwezi Mei, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia saini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini, na faida ya minara ya vijijini kama hiyo inategemea sana masafa itakayowashiwa.

Kwa mnunuzi, hili lina maana ya moja kwa moja. Kabla ya kulipia simu kwa sababu boksi limeandikwa 5G, inafaa kuangalia kama inakubali bendi 28, ambayo ni ya megahezi 700, na bendi 20, ambayo ni ya megahezi 800. Simu nyingi zilizotumika zinazoletwa kutoka Marekani zilitengenezwa kwa mpangilio mwingine wa bendi za nchi ile, na baadhi hazina hizo mbili. Simu ya namna hiyo itakwenda kasi mjini Iringa na kukosa 4G mara tu mwenyewe anaporudi kijijini, na hakuna fundi wa kibandani atakayeweza kuiongezea. Nyumbani kanuni ni hiyohiyo: ruta ya Wi-Fi yenye bendi mbili hutoa kasi kubwa kwenye gigahezi 5 (gigahezi moja ni megahezi 1,000) ndani ya chumba kimoja, lakini chumba cha tatu nyuma ya kuta za tofali hupata nafuu kwenye gigahezi 2.4.

Mwelekeo mpya ni intaneti ya setilaiti zinazozunguka karibu na dunia. Majirani zetu wa mpakani wameshaanza kuitumia. Starlink, huduma ya namna hiyo ya kampuni ya Marekani ya SpaceX, ilifunguliwa Malawi na Zambia mwaka 2023. Setilaiti zake huruka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, badala ya kilomita 36,000 za setilaiti za zamani, na kwa sababu hiyo majibu hurudi haraka kiasi cha kutosha kwa mazungumzo ya video. Huduma inayotoka juu haizuiwi na kilima kama ile ya mnara, na kwa wilaya kama Makete na Ileje hilo ni tumaini la kweli. Hata hivyo, mawimbi yanayoshuka kutoka kwenye setilaiti hizo yana zaidi ya gigahezi 10, yakiwa na urefu usiofika sentimita 3, kwa hiyo hayapenyi bati wala majani. Mvua kubwa pia huyapunguza nguvu, na Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Bonde lenye kingo za karibu nalo hukata sehemu ya anga, na setilaiti hupotea kila inapopita nyuma ya ukingo. Anayefunga sahani yake ya kupokelea mawimbi hayo katikati ya migomba na miparachichi ya Rungwe atalazimika kuinyanyua juu ya nguzo, au kuipandisha hadi kwenye paa, mpaka ione anga pande zote.