Karoti usoni si retinoli
Kwenye saluni za Kampala utaambiwa: paka juisi ya karoti, ndiyo retinoli (aina ya vitamini A inayopakwa kupunguza mikunjo) ya asili. Siyo. Karoti ina beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A hasa kwenye utumbo, yaani ukiila. Ukiipaka, utachafua taulo tu.

Mmea wenye ushahidi wa kufanya kazi kama ya retinoli ni babchi wa India, unaotoa kemikali iitwayo bakuchioli. Katika utafiti wa 2019, watu 44 walipaka bakuchioli au retinoli ya asilimia 0.5 kwa wiki 12. Mikunjo na madoa yalipungua karibu sawa. Waliopaka retinoli ndio waliobambuka na kuchomwachomwa zaidi. Hata hivyo, kikemia bakuchioli si retinoli.

Na moo yao, mafuta ya shea ya Lango na Acholi, kaskazini mwa Uganda? Hulainisha ngozi, nami nayapenda, lakini kazi ya retinoli hayaifanyi.