Siku binti yangu aliposoma "santema"

Jumamosi moja, muhula wa pili ukielekea ukingoni, nilikuwa uani nikichagua mchele, hapa kwetu Walukuba, Jinja, Uganda. Binti yangu wa mwisho, aliyetimiza miaka sita na kung'oka jino la mbele wiki ileile, alikuwa amesimama chini ya kamba ya nguo, kidevu juu. Kamba ilikuwa imejaa, kwa hiyo kanga ya jaja yake, yaani bibi yake, nilikuwa nimeianika huku nimeikunja pembe zote mbili. Mara akaja mbio.

"Mama, santema ni nini?"

Sikumwelewa. Nikafikiri ni neno la Kisoga ameliokota kwa watoto wa jirani. Akanivuta mpaka kwenye kamba, akanyoosha kidole. Kanga ile imeandikwa ASANTE MAMA. Mkunjo mmoja ulikuwa umemeza A ya mwanzo, wa pili umemeza MA ya mwisho. Kilichobaki juani kilikuwa SANTE MA. Nikaweka ungo chini nikamkumbatia kwa nguvu, naye akabaki ananishangaa, maana alichotaka ni jibu tu.

Nimefundisha P1, yaani darasa la kwanza la msingi, kwa miaka 14. Majirani walimpongeza kwa lile jino, na mimi pia nilimpongeza, lakini "santema" ndiyo niliyoiandika kwenye daftari ninamowekea mambo ya watoto wangu. Acha nieleze kwa nini.

Miezi miwili kabla ya siku hiyo, mtoto huyu "alisoma" kitabu kizima mbele ya wageni. Ukurasa kwa ukurasa, kidole kikipita chini ya mistari, sauti ikipanda na kushuka pale panapostahili. Shangazi yake akapiga vigelegele. Usiku, wageni walipoondoka, nikafungua ukurasa wa nne, nikafunika picha ya mbuzi kwa kiganja, nikamwomba anisomee tena. Kimya. Akajaribu kuchungulia chini ya vidole vyangu. Alikuwa amekikariri kitabu kwa kumsikiliza kaka yake, na picha ndizo zilizokuwa zikimkumbusha maneno. Hakuwa anadanganya. Kwa hesabu yake, huko ndiko kusoma: unatazama ukurasa, unasema maneno yake.

Mtoto wa umri huo ana kumbukumbu kali, na kumbukumbu hiyo inaweza kumbeba mpaka P3 bila mtu kugundua. Anatambua neno kwa umbo lake, kwa picha iliyo pembeni, kwa jinsi mwenzake anavyoanza kulitamka. Lakini neno ambalo halipo haliwezi kukaririwa. Santema haina picha wala wimbo, na hakuna kaka aliyelitamka kabla yake. Ili litoke mdomoni, mtoto lazima aivike kila herufi sauti yake na kuziunganisha zote. Ndiyo maana vipimo vya kusoma vya madarasa ya chini huwa na sehemu ya maneno yasiyo na maana yoyote. Mzazi akiiona karatasi hiyo hudhani mwalimu amekosea tahajia.

Tena santema si rahisi. Tazama ile NT. Watoto wengi wanaoanza huichomekea irabu katikati, wakasema "sa-ne-te", kwa sababu wamezoea ba be bi bo bu, konsonanti moja na irabu moja. Kujua kwamba N na T hapo zinatembea pamoja, sa-nte, ni hatua yenyewe, na kwa wanafunzi wangu huchukua wiki kadhaa baada ya silabi nyepesi.

Kikwazo kikubwa zaidi huwa kimeingia kabla mtoto hajafika kwangu. Katika shule za chekechea watoto wetu huimba alfabeti ya Kiingereza: ei, bi, si, di. Ni wimbo mzuri, lakini unafundisha majina ya herufi, nayo majina si sauti. Mpe mtoto wa namna hiyo neno BABA. Atasema "bi, ei, bi, ei", kisha atakutazama akingoja. Amesema yote anayoyajua na baba hajatokea. Unapomwambia kwamba herufi hii inalia "b", midomo imefungwa kisha ikaachia, na ile inalia "a", mdomo wazi, anaweza kuzisukuma pamoja mpaka zikagongana. Huo mgongano ndio kusoma.

Wazazi wa hapa huniuliza kwa nini nahangaika na Kiswahili wakati PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, itafanywa kwa Kiingereza. Mama mmoja alinijia lango la shule: "Madam, mimi nataka Kiingereza tu." Namwelewa, na simlaumu. Tangu 2007 mtaala unataka P1 hadi P3 wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, P4 uwe mwaka wa kuvuka, kisha Kiingereza kishike. Lakini mjini kama hapa, lugha ya eneo ni ipi? Darasani mwangu wamo Wasoga, Waganda, Wateso, Wajaluo, Walugbara, na watoto wa askari waliozaliwa kambi hii wakakulia kambi ile. Kwa hiyo ubaoni kunatawala Kiingereza, na uwanjani, mpira ukirushwa, kunatawala Kiswahili. Katiba ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari. Watoto wa Walukuba hawakungoja agizo.

Jibu langu kwa yule mama lilikuwa hili. Kiingereza kina herufi 26 na sauti zaidi ya 40, na herufi ileile hubadili sauti kutoka neno moja hadi jingine. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja hulia vilevile popote uikutapo. Mtoto aelewe kwanza kwamba maandishi ni sauti zilizolazwa kwenye karatasi, na aelewe hilo katika lugha isiyomgeuka. Jambo hilo hujifunzwa mara moja tu. Akishalijua hapa, huenda nalo kwenye Kiingereza.

Kuna makosa ambayo siyahesabu kuwa makosa. Mtoto wa Kiganda akiona KITI atasema kitu kinachokaribia "chiti", kwa kuwa kwao ki hulainika hivyo. Atasoma "habali" na "piripiri", maana katika Kiganda r hufuata e na i, kwingine ni l. Huyu anasoma vizuri kabisa. Ulimi tu ndio wa nyumbani, nao utanyooka wenyewe kwa kusikia. Nimeona walimu wakimkatiza mtoto wa namna hii mara tatu katika sentensi moja, mpaka akaacha kunyoosha mkono mwaka mzima.

Kinachonitia hofu ni kwaya. Darasa langu lina zaidi ya watoto 80. Nikielekeza kijiti ubaoni wakaitikia wote, inasikika kama darasa linalosoma, kumbe sauti 20 zinawabeba 60. Nilijifunza hilo kwa uchungu. Shule zetu zilifungwa Machi 2020, zikaja kufunguliwa kwa madarasa yote Januari 2022. Mwaka ule nilipewa P3 kwa muda. Walikuwa wakiimba sentensi nzima kwa pamoja, lakini mmoja mmoja, wengi hawakuweza kusoma jina la kijiji chao.

Tangu hapo naita watoto watano kila siku wakati wa mapumziko. Nina kopo la vizibo vya soda ambavyo ndani yake nimeandika herufi kwa kalamu ya wino mzito. Navipanga mkekani, mtoto anavisogeza kwa kidole huku akitoa sauti, na vizibo vikigongana silabi imepatikana. Nampa maneno mawili anayoyajua na moja nililolibuni. Kwa watano kwa siku, kuwamaliza wote huchukua kama siku 17 za shule. Nyumbani kopo kama hilo halina gharama, na dakika 10 baada ya chakula zinatosha. Mtoto akichoka, acheni.

Jumatatu ile nilipanga vizibo saba mkekani: S, A, N, T, E, M, A. Watoto watatu kati ya watano walisoma santema, na mmoja akauliza, kama binti yangu, ni kitu gani. Wawili hawakutazama vizibo. Walitazama mdomo wangu, wakingoja uanze kusogea. Niliandika majina yao juu kabisa ya orodha ya kesho yake.